Mwanamke wa Jumatano

Kabla ya alfajiri kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni, kikaviringika mpaka ukutani, kikazunguka mara tatu nne kikijilaza polepole, kisha kikanyamaza.

Bi Zamoyoni alifumbua macho akasubiri. Mtu akiponyokwa na kifuniko husema "Lo!" au hujicheka mwenyewe. Safari hii hakuna aliyesema kitu. Akashuka kitandani bila kutafuta kandambili zake.

Mkaza mwanawe, Sikudhani, alikuwa chini kando ya jiko la mkaa, ameangukia ubavu. Mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa nyuma kumshikilia mtoto mgongoni. Bi Zamoyoni aliutazama mkono ule. Mwenye mkono alikuwa hajitambui, lakini mkono ulikuwa bado kazini. Mtoto Faraji, wa miezi minne, alikuwa macho, ananyonya pindo la mbeleko wala hana habari.

Bibi akamfungua mtoto, akainua miguu ya Sikudhani juu ya kigoda, akampepea kwa ungo.

"Nimeanguka tena, mama?"

"Umelala kidogo. Usiinuke kwanza."

"Uji..."

"Uji hauna miguu. Utatungoja."

Ilikuwa mara ya tano mwezi ule. Mara ya nne aliangukia upande wa moto, nywele za mbele zikaungua. Sikudhani alijifunga kitambaa akasema ni mtindo mpya, na mama mkwe wake akamsifia kitambaa, kwa sababu kuna siku mtu anahitaji kusifiwa kitambaa.

Chanzo kilijulikana. Tangu ajifungue, Sikudhani alikuwa na presha, na zahanati ilimpa kidonge cha kumeza kila akiamka. Akikimeza, huanguka. Asipokimeza, presha hupanda mpaka macho yanaona vimulimuli. Mama yake mzazi alifariki kwa presha hiyo hiyo, siku arobaini baada ya kujifungua mtoto wa mwisho. Kwa hiyo alikuwa akimeza, akiwasha jiko, na kuanguka.

*

Wala hakukuwa na mtu wa kulaumiwa, maana mambo haya yalitokea katika nchi iliyopangwa vizuri sana. Jina lake rasmi lilikuwa refu, halikuenea kwenye stempu, basi raia waliiita Nchi tu, nayo iliitika.

Zamani, watafiti wa Nchi walipata taabu. Kila wakijaribu dawa kwa watu, watu walitofautiana: huyu kapona, yule katapika, mwingine kasahau kuja. Ndipo ikapitishwa sheria ya kumteua Mtu wa Kipimo. Awe raia mmoja, mwanamume, kilo sabini, umri miaka thelathini, tabia ya utulivu. Kila dawa ijaribiwe kwake. Hali kadhalika viti vya ofisi, buti za mashambani na urefu wa ngazi za serikali. Kikimfaa yeye, kimewafaa wote. Tangu siku hiyo matokeo hayakutofautiana tena, na Taasisi ya Vipimo na Ukweli ikapewa nishani ya dhahabu kwa mstari mnyoofu wa matokeo.

Wanawake hawakusahauliwa. Kila ripoti ilimalizika kwa sentensi iliyokuwa imechapwa tayari: "Matokeo haya yanawahusu pia akina mama, ambao tunawashukuru kwa uvumilivu wao."

Muuguzi wa zahanati, binti mwenye sauti ndogo, alimsikiliza Bi Zamoyoni mpaka mwisho, jambo ambalo bibi alilihesabu kuwa ni tiba tayari. Kisha akachungulia mlangoni.

"Bibi, mimi ningempa nusu. Lakini tazama."

Akamwekea kidonge kiganjani. Kilikuwa kikubwa kama kifungo cha koti, na juu yake palikuwa na nembo ya Nchi: tai aliyeshika rula.

"Ukikikata unamkata tai," muuguzi akanong'ona. "Mwaka jana jirani yetu alikikata. Ameshtakiwa kwa kumvunja tai shingo."

"Na nikimwachisha?"

"Anafutwa kwenye daftari la wagonjwa. Na presha haiwezi kufutwa, bibi."

Akamchorea nyuma ya bahasha ramani ya kwenda Taasisi, na katikati ya njia akaweka alama mbili. Bibi akauliza ni za nini. Muuguzi akasema ni mahali penye kivuli na pa kukalia.

*

Karani wa Taasisi alilitafuta faili la Sikudhani, akalisoma, akatabasamu.

"Habari njema, bibi. Mgonjwa anaendelea heri."

"Nani kasema?"

"Mkuu wa kaya."

Mkuu wa kaya alikuwa Chande, mwana wa Bi Zamoyoni, aliyekuwa akijenga barabara mpakani, safari ya siku tano. Fomu ya maendeleo ya mgonjwa, kwa mujibu wa utaratibu, hujazwa na mkuu wa kaya. Ilikuwa imemfuata huko kwa posta. Palipoulizwa "Mgonjwa anaendeleaje baada ya dawa?" Chande, kijana mwenye adabu, aliandika: "Namtakia heri. Mwambieni nitarudi mvua zikikatika."

"Sasa unaona," karani akasema. "Kwa kumbukumbu zetu, mkaza mwanao hajaanguka."

"Nimemwokota mimi, kwa mikono hii."

"Umemwokota nje ya utaratibu."

Lakini karani huyo, aliyeitwa Mbwilo, aliiona miguu ya bibi jinsi ilivyovimba. Akazunguka meza, akamletea kiti chake mwenyewe, na tangu hapo akaandika amesimama. Bi Zamoyoni aliliweka jambo hilo moyoni, mahali anapoweka mambo ya namna hiyo.

Profesa Kibangali, Mkuu wa Taasisi, alikuwa mtu mrefu mwenye kalamu tano mfukoni. Alipomwona bibi alitamka "Shikamoo" kabla hajajizuia, kisha akamwagiza Mbwilo asiiandike kwenye kumbukumbu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza swali moja tu. Hii dawa ya presha, mlimjaribia mwanamke gani?"

Profesa akacheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza saa ngapi Ijumaa.

"Bibi, mwanamke hajaribiwi. Mwanamke hubadilika. Kuna mzunguko wa mwezi, kuna mimba, kuna kunyonyesha, kuna kukoma. Leo hivi, kesho vile. Ukimwingiza kwenye utafiti, mstari unapinda." Akamwonyesha mstari wenyewe, umewekwa kwenye fremu ukutani, una taa yake. "Tazama huu."

"Mzuri," bibi akasema, na alikuwa na maana hiyo. "Umenyooka kama uzi wa kushonea. Lakini huu mstari, mwanangu, nani kati yetu anafanana nao?"

Profesa akageukia Mbwilo. "Andika: mlalamikaji amevutiwa na mstari."

"Kwa hiyo mnatuacha nje kwa sababu tunabadilika."

"Kwa heshima, bibi. Kwa kuwalinda."

"Na dawa ikiwa tayari?"

"Ah!" Profesa akasimama. "Dawa ni haki ya kila raia, bila ubaguzi wa aina yoyote!"

Mbwilo akapiga makofi, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye mwongozo wa kazi yake.

*

Kwa kuwa Nchi ilijali raia wake, kila mlalamikaji alipewa ziara ya kuelimishwa. Bi Zamoyoni alikabidhiwa kwa Bi Semeni, mwanamke wa makamo aliyekuwa mpishi wa Taasisi na mlishaji wa panya.

Chumba cha panya kilikuwa na vizimba mia mbili. Kila kizimba kilikuwa na namba na panya dume mmoja.

"Na majike?"

"Wako jengo la nyuma," Bi Semeni akajibu. "Wamestaafishwa kwa heshima siku ya kuzaliwa. Hao nao hubadilika."

Kisha akapunguza sauti. "Ila mwaka jana, mama, mmoja aliingia kwa makosa. Namba mia na kumi na nne. Tulikuwa tunawapa hicho kidonge cha presha, punje kwa punje. Madume yote yalikuwa yameamka kabla ya chakula cha mchana. Yeye alilala siku mbili. Dawa ilikuwa haimtoki mwilini. Nikaandika. Profesa akasahihisha kwa wino mwekundu: 'Panya mzembe. Aondolewe.'"

"Ukamwondoa?"

"Nilimwondoa, nikaenda naye kwangu. Yuko kwenye kopo. Anapenda karanga."

Bi Zamoyoni akamshika mkono, na wakasimama hivyo kidogo mbele ya madume mia mbili.

Saa nne ilipogonga wakaenda kumwona Mtu wa Kipimo. Kwa sababu za kiofisi, alfajiri yake ilianzia saa nne. Wageni walimtazama kupitia kioo, maana mgeni akimkaribia angeweza kumchangamsha, na kuchangamka kuliharibu matokeo. Profesa alikuwapo kueleza.

Mtu wa Kipimo aliitwa Bwana Tegemea. Alipanda mizani: kilo sabini. Akameza kidonge chenye tai. Bi Semeni akaingia, akamvua viatu, akamfunika shuka, akashusha pazia. Akalala saa moja. Saa ilipotimia akaletewa chai ya maziwa na andazi moja, akanywa ameegemea mto. Ndipo Profesa akauliza kupitia kitundu kwenye kioo: "Hujambo?"

"Sijambo."

Muhuri ukapigwa.

Bi Zamoyoni alikuwa ameukaribia ule ukuta wa kioo mpaka pumzi yake ikautia ukungu.

"Profesa, mwanangu. Hii saa moja ya kulala, imeandikwa kwenye pakiti ya dawa?"

"Haikuhitajika. Ni hali ya kawaida ya asubuhi."

"Ya nani?"

Profesa aliangalia kalamu zake kama kwamba mojawapo ingejibu. Kisha akakumbuka kuwa ana kikao.

Bi Semeni naye alikumbuka kazi jikoni, akaondoka, na akasahau kufunga kile kitundu. Alikuwa hajawahi kukisahau kwa miaka kumi na tatu.

"Hodi," bibi akasema.

Bwana Tegemea alishtuka. Kwa karibu alikuwa na mvi nyingi. Kwa sheria ya Nchi alikuwa na miaka thelathini, na alikuwa nayo kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa.

"Karibu, mama. Samahani, hairuhusiwi kukaribishwa."

"Basi nimesimama tu. Hicho kidonge, mwanangu, kinakupa nini?"

Akatazama mlango. "Kizunguzungu. Dari inazunguka kama pia. Nikilala inatulia."

"Mbona umesema hujambo?"

"Fomu ina jibu moja, mama. Nami nikiwa sijambo, Nchi nzima haijambo. Nikisema naumwa, watu wote hao watakuwa wagonjwa kwa maneno yangu."

Bibi akamweleza habari za Sikudhani: kifuniko, moto, mkono uliokunjwa nyuma. Hakumlaumu. Bwana Tegemea alisikiliza, na bibi alipomaliza, yeye akauliza kitu ambacho hakuna mtu Taasisi nzima aliyewahi kuuliza.

"Mtoto anaitwa nani?"

*

Bi Zamoyoni alirudi nyumbani akaandika barua kwa mwandiko wake wa darasa la nne. "Kwa Taasisi. Mlimpima mtu aliyelala. Sisi tuna watu waliosimama. Tena mlimpima mwanamume, na mlaji wa dawa ni mwanamke anayenyonyesha. Naomba mpime tena. Asanteni kwa kiti."

Barua ingepotea, lakini wiki ile Waziri wa Vipimo alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa mataifa, na mwaliko ulimtaka kila mjumbe aonyeshe jinsi utafiti wa nchi yake unavyozingatia jinsia. Waziri aliuliza kama Nchi inazingatia. Akajibiwa kwamba itakuwa imezingatia kufikia Jumatano.

Lilikuwa jambo gumu, kwa kuwa wanawake wangepinda mstari. Profesa alikesha, na akapata suluhisho ambalo mpaka leo hutajwa kwa heshima. Bwana Tegemea aliteuliwa, kwa hati yenye mihuri miwili, kuwa pia Mwanamke wa Kipimo, kila Jumatano.

Alinunuliwa kanga ya maua, isiyo na maandishi, ili maneno yasije yakaathiri matokeo. Jumatano ya kwanza alipanda mizani, akameza, akavuliwa viatu, akalala saa moja, akaletewa chai na andazi.

"Hujambo, bibie?" Profesa akauliza.

"Sijambo."

Mstari wa mwanamke ukachorwa, ukaja kulala juu ya mstari wa mwanamume barabara, hata wino ukaokolewa. Ilithibitishwa kwamba tofauti haipo.

Ikabaki saini. Kanuni zilitaka utafiti wa jinsia utiwe saini na mwanamke mmoja halisi, na Mbwilo ndiye aliyetaja jina la Bi Zamoyoni, akiwa anatazama pembeni.

Bibi alikuja, akakaa kwenye kiti cha Mbwilo, akasomewa ripoti yote.

"Kanga amefunga vizuri," akasema. "Ila huyu mwanamke wenu, ameamka saa nne?"

"Kwa utaratibu wetu, ndiyo."

"Ah. Basi hamkuambiwa utaratibu wa mwanamke."

Neno utaratibu lilimgusa Profesa. Kama kulikuwa na utaratibu na yeye hakuufuata, hiyo ilikuwa aibu kuliko kifo. Akatoa kalamu zote tano. "Sema, bibi. Taratibu. Mbwilo, andika."

Bibi akasema taratibu, na macho yake yalikuwa meupe kabisa, hayana hila. Anaamka saa kumi na moja. Anameza dawa na maji ya mtungini, tumboni hamna kitu. Anamfunga mtoto mgongoni. Anafagia uwanja. Anabeba ndoo ya maji kichwani. Anainama kuwasha jiko, anainuka, anainama kupuliza, anainuka. Anakoroga uji. Anawapa wengine kwanza.

"Na analala wakati gani?" Profesa akauliza, kalamu hewani.

"Hapo ndipo anapoanguka. Sijui kama mnakuhesabu ni kulala."

*

Profesa akaamuru mwanamke wa Jumatano apimwe upya kwa utaratibu huo, mbele ya Waziri. Jumanne Bi Semeni alisahau tena kufunga kitundu.

"Mwanangu," bibi akamwambia Bwana Tegemea, "nimekuja kukuambia kweli. Kesho utaanguka. Si mchezo. Ukikataa, nitarudi nyumbani na hutasikia neno langu baya. Nitatafuta njia nyingine."

Bwana Tegemea alikuwa amekwisha kuonyeshwa mfuko wa unga wa kilo sita, ambao ndio ungekuwa mtoto wake.

"Miaka ishirini na miwili nimesema sijambo," akajibu. "Wewe utakuwa upande gani?"

"Wa kushoto. Kidonge hiki huangusha kushoto. Nitakuwa nimekaa hapo hapo."

Waziri alifika saa kumi na moja alfajiri, jambo ambalo lilitangazwa redioni kuwa ni kujitoa mhanga. Kulikuwa na viti, zulia na kipaza sauti. Bwana Tegemea, katika kanga yake ya maua, alimeza kidonge tumbo tupu, akafungiwa unga mgongoni, na Waziri akaanza kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Leo Nchi yetu inamtazama mwanamke!"

Mwanamke alikuwa anafagia.

"Wapo wanaosema hatukumtazama. Nawauliza: sisi ambao mama zetu ni wanawake? Tena wengine wetu, mama zetu wote wawili, mzazi na mkwe?"

Mwanamke alikuwa na ndoo kichwani, maji yanamtiririka shingoni.

"Tumemtazama kwa kina! Tumemtazama kwa upana! Tumemtazama kwa—"

Mwanamke aliinama kupuliza jiko, akainuka, akafunua sufuria. Bi Zamoyoni, aliyekuwa ameketi chini upande wa kushoto na mto mapajani, alimwona anabadilika rangi ya midomo.

Kifuniko kilianguka. Kiliviringika juu ya sakafu ya Taasisi, kikapita chini ya meza ya wageni, kikagonga kiatu cha Waziri, kikazunguka mara tatu nne, kikanyamaza.

Kichwa cha Bwana Tegemea kilikuwa kwenye mto. Mkono wake mmoja, hakuna aliyejua ameujulia wapi, ulikuwa umekunjwa nyuma kushikilia unga.

"Nani ameanguka?" Waziri akauliza, bado kwenye kipaza sauti.

Mbwilo akaangalia kalenda. "Kwa kuwa ni Jumatano, mheshimiwa, ni mwanamke."

Profesa alikuwa ameshatoa kalamu nyekundu. Aliandika "Mwanamke m," akasita.

"Maliza, mwanangu," Bi Zamoyoni akasema polepole. "Mzembe, sivyo?"

Profesa hakumaliza. Alikitazama kifuniko. "Mama yangu alikuwa akianguka," akasema, na kipaza sauti kikalichukua neno lake mpaka uani. "Asubuhi, jikoni. Alikuwa anameza dawa yetu. Tulikuwa tunamwambia ni uvivu."

Hakuna aliyejua mwongozo unasema nini hapo. Bi Zamoyoni akanyoosha mkono akamshika Profesa kifundo cha mguu, kwa kuwa ndipo alipoweza kufika kutoka pale chini.

Bwana Tegemea akafumbua macho.

"Hujambo?" Waziri akauliza, maana ndilo swali lililokuwapo.

"Naumwa," akasema Mtu wa Kipimo. "Na nimekuwa nikiumwa muda mrefu."

Fomu haikuwa na mahali pa jibu hilo. Mbwilo alichukua rula, akachora kisanduku kipya kwa mkono, akaliandika humo kwa herufi nzuri.

"Sasa sikilizeni," bibi akasema. "Huyu ni mwanamume wa kilo sabini, na ameifanya asubuhi moja tu. Mmejua kazi zetu. Miili yetu bado hamjaijua. Kanga haibadilishi ini la mtu. Semeni, waonyeshe."

Bi Semeni akatoa kopo chini ya aproni. Waziri akachungulia ndani. Panya namba mia na kumi na nne akamchungulia Waziri, kisha akaendelea na karanga yake.

*

Mambo ya Nchi huchukua muda, lakini huenda. Tangazo la kwanza liliwaita wanawake arobaini kwa utafiti, kila mmoja awe na kilo sabini, miaka thelathini, na asiwe na mzunguko wa mwezi. Hakuja mtu. Tangazo la pili liliwaita jinsi walivyo. Walijaa mpaka barabarani, wenye mimba wakapewa foleni yao na madaktari wao, na Sikudhani alikuwa namba sita. Fomu alijaza mwenyewe.

Panya majike waliitwa kutoka kwenye kustaafu. Mstari ulipinda, tena vibaya. Ilionekana kwamba kwa wanawake wengi dawa ile ilikawia mwilini, na nusu iliwatosha. Kwa wengine haikuwatosha. Wapo hata wanaume ambao nusu iliwafaa zaidi, nao walishukuru kimyakimya. Profesa Kibangali aliutazama mstari mpya siku mbili bila kula, kisha akautundika ukutani na kuuwekea taa.

Likabaki tatizo la tai. Kamati iliketi miezi mitatu, na ikaamua kidonge kichapwe tai wawili, kila mmoja na rula yake na nusu yake, ili ukikikata usimguse yeyote. Mwezi wa nne walibishana tai hao watazamane au wapeane mgongo. Wamepeana mgongo. Jirani wa muuguzi aliachiliwa huru, kwa masharti.

Na kwenye pakiti sasa pameandikwa: "Baada ya kumeza, mgonjwa alale saa moja, aletewe chai." Kamati nyingine inaendelea kuketi juu ya swali la nani ataileta. Nyumbani kwa Bi Zamoyoni halikuhitaji kikao. Mvua zilikatika, Chande akarudi, akakuta utaratibu. Chai yake ni nyepesi na ina majivu, lakini Sikudhani huinywa yote, ameegemea mto, na kifuniko kiko juu ya sufuria.

Wiki iliyopita walikwenda Taasisi, bibi, Sikudhani na mtoto. Ule ukuta wa kioo umeondolewa. Bwana Tegemea sasa ni mmoja kati ya wapimwaji themanini, wanaume kwa wanawake, na kwa sheria ameruhusiwa kuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa na andazi la pili mkononi, la kwanza maishani mwake kuwa la pili.

Sikudhani akampa mtoto ambebe. Bwana Tegemea alimpakata kwa uangalifu wa mtu anayepanda mizani. Faraji akamshika sikio.

"Unga haukufanya hivi," akasema.

Walikaa mpaka jua likageuka. Bi Semeni alileta chai, Sikudhani akamwonyesha nywele zake za mbele zilivyoota. Walipoinuka, Bwana Tegemea aliwasindikiza mpaka kwenye geti, mahali ambapo zamani hakuwahi kufika, akamrudisha mtoto polepole, mkono mmoja ukichelewa kumwachia.

"Mje tena, mama," akasema. "Hata kama hakuna cha kupima."